Udongo Usiojua Mvua

Ustadh Waheed alitua Doha na masanduku mawili ya nguo na vyombo, pamoja na gunia moja la saruji lililofungwa kwa kamba ya katani. Katika mizigo hiyo mitatu, gunia ndilo lililokuwa na thamani kuliko yote, ila hakumwambia mtu. Alilisimamisha nyuma ya mlango wa ukumbi aliopewa kufanyia kazi, akalifunika kwa gazeti, akakaa chini kufanya kazi.

Alikuwa mzee wa miaka sitini na minane kutoka Bidar, mji wa ngome na makaburi ya masultani katika nyanda za kusini mwa India. Kazi yake ilikuwa ile ambayo mafundi wa mji huo wameifanya kwa karne nyingi: kusubu chombo cha zinki iliyotiwa shaba kidogo, kukichonga maua kwa tindo, kugongelea nyuzi za fedha ndani ya michoro, kisha kukigeuza chombo chote kiwe cheusi tititi ili fedha peke yake ibaki iking'aa. Kituo cha sanaa za mikono kilikuwa kimemwalika kwa majuma matatu. Siku ya mwisho, Alhamisi alasiri, angelitia weusi mbele ya wageni gudulia la shingo ndefu alilolichonga kwa miezi minane. Kazi ikiwaridhisha, kituo kingemfungulia karakana ya kudumu aifundishe. Alipokuwa mtoto, mtaani kwao kulikuwa na mafundi arobaini. Sasa walikuwa wamebaki sita, naye alikuwa mdogo wao.

Akinyi alimpenda tangu siku ya kwanza. Yeye alikuwa na miaka ishirini na minne na shahada ya kemia aliyoisomea Chuo Kikuu cha Maseno, na pale kituoni kazi yake ilikuwa kupokea wageni, kupika chai na kupangusa vumbi. Hakuwa mtu wa kununa. Aliamini kwamba Mungu akikupa ufagio, anakupa pia sakafu yenye kitu cha kujifunza. Marafiki zake wa mtaa wa Najma walimcheka kwa maneno hayo, lakini kila wakiugua yeye ndiye waliyempigia simu.

Siku ya tatu alimkuta Ustadh amefungua kikopo kidogo cha bati, amechota udongo wa kahawia kwa ncha ya kidole, amejiwekea ulimini, macho ameyafumba.

"Ustadh, unakula udongo?"

"Siuli, beti. Ninausikiliza." Beti ni binti kwa lugha ya kwao, na ndivyo alivyomwita tangu siku hiyo. Walizungumza kwa ule mchanganyiko wa Doha, Kiingereza kidogo, Kiarabu kidogo na mikono mingi.

"Basi nipe na mimi niusikilize."

Mzee alicheka, akamsogezea kikopo kama anayempa mtoto pipi. Hakujua anampa nani. Mama yake Akinyi aliuza odowa katika soko la Kibuye kule Kisumu, yale mawe laini ya udongo wanayotafuna wanawake wajawazito, na wengine wasio na mimba wala sababu. Akinyi alikulia kwenye gunia la odowa. Kabla hajajua kusoma aliweza kukwambia kwa ulimi tu kama jiwe limetoka mlimani au kando ya mto.

Aliweka chembe ulimini, akatulia.

"Kwanza ni chumvi," alisema. "Halafu unakuja ubaridi, kama nimelamba kijiko kilichotoka kwenye friji. Halafu uchungu kidogo, huku nyuma karibu na koo."

Ustadh Waheed aliweka tindo chini. "Mwanangu wa kwanza ilimchukua mwaka mzima kuusikia huo ubaridi," alisema. "Alipousikia, akaenda kuuza simu."

Hapo akamweleza. Udongo ule ulitoka ndani ya kuta kuukuu za ngome, mahali ambapo jua wala mvua havijafika kwa mamia ya miaka. Ndani yake mna shura, chumvi ile waliyotengenezea baruti watu wa zamani, na pasipo shura zinki haikubali weusi. Akamweleza pia kwamba karibu na mji wao kuna kilima chenye makaburi ya Mahabushi, watu waliotoka Afrika wakawa wakuu katika majeshi ya masultani. "Kwa hiyo usijione mgeni wa kazi hii," alimwambia. Siku hiyo Akinyi alipangusa vumbi huku akiimba.

Kitu kimoja tu hakumweleza. Hakumwambia kwamba kikopo kilikuwa cha kuonjea, na kwamba mzigo wenyewe ulikuwa nyuma ya mlango.

Jumatatu ya juma la mwisho, Fiona, msimamizi wao, mwanamke wa Nakuru mwenye mwendo wa haraka na moyo mzuri aliouficha, alimwambia Akinyi aupendezeshe mlango kabla ya wageni. Mlangoni palikuwa na vyungu sita vya mishubiri. Udongo wake ulikuwa umedidimia, mizizi iko nje, ungedhani meno ya mzee. Akinyi aliihurumia. Watu wa bustani walikuwa wameahidi kuja tangu mwezi uliopita. Alipofagia nyuma ya mlango, akaliona gunia la saruji chini ya gazeti, akalifungua, akakuta udongo laini usio na kokoto hata moja. Katika nchi ambayo ukichimba unapata mchanga na mwamba, ulikuwa udongo wa kumshukuru Mungu, naye alimshukuru. Akavijaza vyungu vyote sita. Akaimwagilia mishubiri maji mpaka yakatokea chini, Jumatatu na tena Jumanne, huku akiibembeleza kwa Kijaluo.

Jumatano asubuhi Ustadh aliinua gazeti.

"Beti," aliita taratibu, "gunia langu liko wapi?"

Akinyi alikuwa ameshika sinia ya chai. Aliiweka juu ya meza kwa uangalifu mkubwa, kana kwamba vikombe vikitulia na mambo mengine yatatulia. Kisha akasema yote, bila kuficha na bila kujitetea: gunia, vyungu, maji ya siku mbili.

Mzee aliliweka gazeti chini. Alitoka hadi mlangoni, akainama juu ya chungu cha kwanza, akachota, akaonja. Akaenda cha pili, akaenda cha tatu. Cha nne hakukiinamia.

"Umekufa," alisema. "Maji yameiondoa shura yote." Akaketi kwenye ngazi, mikono juu ya magoti. Kisha akauliza, "Na mishubiri inaendeleaje?"

"Inaendelea vizuri, Ustadh."

"Alhamdulillahi. Angalau kuna aliyefaidika."

Angemgombeza ingekuwa nafuu. Akinyi alisimama pale machozi yakimtoka, hana pa kuyafutia ila kwenye mkono wa sare.

Fiona alipopata habari alishika kiuno. Akauliza kama kikopo kina kitu. Kilikuwa kimeisha kwenye majaribio. Akauliza kama udongo mwingine unaweza kutumwa. Ungechukua siku nane, na Ijumaa mzee anasafiri. "Kuna dawa nyeusi za dukani," alisema mwishowe. "Hata rangi ya viatu, Ustadh, kwa siku moja tu. Nani atajua?"

"Gudulia litajua," mzee akajibu. "Weusi wa dukani ukipita mwaka unakuwa wa kijivu kama ndevu zangu. Nitaliweka mbele ya watu jinsi lilivyo, niwaombe radhi, nirudi nyumbani."

Wakaliangalia gudulia. Lilikuwa limekamilika kwa umbo, limepigwa tupa na msasa, lakini zinki ilikuwa kijivu na fedha kijivu, na maua yote ya miezi minane yalikuwa yamezama humo kama maandishi kwenye ubao ambao haujafutwa vizuri. Ungelipita sokoni ungedhani ni birika la bati.

Ndipo kemia ya Maseno ikazinduka. Akinyi alijiuliza: shura ya ngome ilitoka wapi? Haikushuka kutoka mbinguni. Shura huzaliwa pale ambapo mikojo ya wanyama imenyonywa na ukuta mkavu miaka na miaka, pasipo maji ya kuisomba. Ngome ilikuwa na farasi na ng'ombe. Bidar haikuwa na miujiza. Ilikuwa na muda na paa.

"Ustadh, nikikuletea udongo mwingine wenye ubaridi ule ule?"

"Kutoka wapi? Nchi hii nzima ni chumvi ya bahari. Utalamba mpaka ulimi ukauke."

"Chumvi ya bahari naijua. Haina ubaridi."

Mzee alimtazama, macho mekundu. "Nenda," alisema. "Mimi nimeshapoteza. Siwezi kupoteza zaidi."

Fiona akatoa gari. Dereva alikuwa Benard wa Kakamega, mtu ambaye mdomo wake haukujua siku ya mapumziko.

"Yaani ulisoma kemia miaka minne," alisema wakiwa barabarani, "ukuje Doha kulamba kuta?"

"Endesha gari, Benard."

"Naendesha. Nauliza tu ndio nijue nitamwambia nini mtoto wangu kuhusu shule."

Walianza Najma, nyuma ya nyumba kuukuu jirani na chumba alichopanga. Akinyi alikwangua ukuta kwa kisu cha jikoni, akaonja. Saruji na chumvi. Wakaenda Muaither, kwenye gofu la nyumba ya mawe ambalo Benard alilijua. Akaonja pembe nne. Chumvi, chumvi, vumbi, chumvi. Mlinzi wa jengo la jirani, Mganda aliyeitwa Tony, alivuka barabara kuja kuwauliza wanatafuta nini.

"Usijali, ndugu," Benard akamwambia. "Mwenzetu ni mjamzito, anatamani udongo."

"Benard! Utanifukuzisha nchi," Akinyi akasema, akageuka kwa mlinzi. "Kaka, anakudanganya. Mimi ni mwanakemia."

Tony akamtazama, kisu mkononi na vumbi kwenye midomo. "Nilikuwa nimeamini ile ya kwanza," alisema.

Ilikuwa saa saba na jua limesimama utosini. Akinyi aliketi kwenye kivuli cha gari, akasukutua kinywa kwa maji ya chupa, akajikaripia. Alikuwa anatafuta kuta za watu, wakati yeye mwenyewe alisema ni wanyama.

"Benard, nani hapa Doha anaishi na wanyama? Wanyama wa zamani, wa miaka mingi."

Benard alifikiri, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alinyamaza. Kisha akapiga usukani kwa kiganja. "Harun wa mpira."

Harun alikuwa mtu wa Isiolo, winga wa kushoto wa timu yao ya Ijumaa, na mchungaji katika izba moja, yaani shamba la mifugo, pembeni kabisa mwa Al Rayyan. Aliwapokea langoni akiwa na bakuli la maziwa ya ngamia.

"Harun, tuna haraka," Benard akasema.

"Mgeni wangu hunywa maziwa kwanza. Hata kama amekuja kulamba ukuta."

Wakanywa. Kisha Harun akawaonyesha zizi la mbuzi. Akinyi alitikisa kichwa kabla hajalifikia, kwa kuwa lilikuwa jipya, la mabati, na sakafu yake huoshwa kwa mpira wa maji kila asubuhi. "Na kabla ya hili?" aliuliza. "Mbuzi walilala wapi?"

Nyuma ya matangi ya maji palikuwa na banda la mawe na udongo, kuta nene kama mkono mzima, paa la boriti za mikoko lililofunikwa mikeka na udongo mgumu. Babu wa mwenye shamba ndiye aliyelijenga. Mbuzi walilala humo vizazi vitatu, wakahamishwa, na sasa palikuwa ghala la majani makavu. Harun akasogeza marobota ya majani mpaka ukuta wa ndani ukaonekana. Kwenye sehemu ya chini, pale mbuzi walipokuwa wakijisugua na kulala, ukuta ulikuwa umeota ukungu mweupe kama uliopakwa unga.

Akinyi alipiga magoti. Alikwangua, akaweka ulimini, akafumba macho.

Chumvi. Alitaka kutema. Akakumbuka alivyokuwa mdogo sokoni, mama yake akimwambia asiwe na pupa, jiwe zuri hujificha nyuma ya jiwe baya. Akangoja. Pumzi moja, pumzi mbili. Na hapo, taratibu, ukafika ubaridi. Ulianzia ncha ya ulimi, ukatambaa pembeni, ukamjaa kinywa kana kwamba mtu amefungua mlango wa friji ndani ya kichwa chake. Nyuma yake, karibu na koo, ukaja uchungu.

"Ndio huu," alisema, akiwa bado amefumba macho. "Ndio huu, Harun."

"Analia," Harun akamnong'oneza Benard.

"Wacha alie. Mimi nikilamba mkojo wa mbuzi wa miaka themanini pia nitalia."

Harun alimpigia mwajiri wake kuomba ruhusa. Mwajiri aliomba arudie swali mara mbili, akacheka mpaka simu ikakwaruza, akasema wachukue udongo, na wakitaka ukuta pia wauchukue. Wakakwangua wote watatu, wakajaza gunia la lishe.

Adhana ya alasiri ilikuwa imeshasikika walipofika kituoni. Ustadh Waheed alichota, akaonja, akafumba macho, huku Fiona akiuma kucha.

"Si wa kwetu," alisema. "Wa kwetu ni mzee, huzungumza polepole. Huu ni kijana, ni mkali." Akaonja tena. "Lakini ni wa ukoo mmoja."

Wakajaribu kwenye visahani vidogo vya zinki alivyokuja navyo, kila kimoja kina uzi mmoja wa fedha. Mzee alikoroga uji wa udongo na nushadiri, chumvi ya amonia aliyokuja nayo, kwa kipimo chake cha siku zote, kiganja kwa kiganja. Kisahani cha kwanza kilitoka na madoa ya kahawia kama ngozi ya chui. Akanyanyua mabega. Akinyi akaleta mizani ya jikoni na daftari. Kama shura imezidi, alisema, tupunguze nushadiri hadi nusu. Kisahani cha pili kilitoka cheusi, ila fedha nayo ikaingia kivuli. Wakaongeza maji kidogo, wakapunguza moto. Cha tatu alikitoa mzee mwenyewe, akakiosha, akakipeleka dirishani. Kilikuwa cheusi kama mboni ya jicho, na ule uzi wa fedha ulikatiza katikati yake safi kabisa.

"Andika," alisema. "Andika hicho kipimo. Babu yangu hakuandika, baba yangu hakuandika, mimi sikuandika. Sasa andika."

Alhamisi alasiri ukumbi ulijaa. Mkuu wa kituo, mama mmoja wa Kiqatari aitwaye Bi Noora, aliketi mbele. Harun alikuja na kanzu iliyopigwa pasi, Benard akasimama karibu naye akimweleza kila mtu kwamba gari lililoleta udongo aliliendesha yeye. Ustadh alilipasha gudulia moto juu ya jiko la gesi, akaligeuza, akalipima kwa mgongo wa mkono. Kisha badala ya kuchota ule uji wa udongo, akamsukumia Akinyi bakuli.

"Ustadh, siwezi. Mbele ya watu?"

"Jana uliweza mbele ya mbuzi. Paka."

Akapaka. Alianza shingoni, akashuka kwenye bega la gudulia, akisugua kwa duara kama alivyoonyeshwa. Kijivu. Akazungusha tena. Kijivu, na sasa kimekuwa kichafu. Watu wakaanza kukohoa kile kikohozi cha adabu. Akinyi hakuthubutu kumtazama Fiona. Alihesabu pumzi zake, na mzee hakumgusa wala hakumzuia, alisogeza tu moto kwa unywele mmoja.

"Chota tena," alisema chini kwa chini.

Akachota mara ya tatu. Na pale pale chini ya vidole vyake weusi ukatokea. Ulitokea shingoni kwanza, kama wino unavyoingia kwenye karatasi yenye unyevu, ukateremka, ukalizunguka tumbo la gudulia, na kila ulipopita maua yaliinuka nyuma yake. Lilikuja moja, yakaja matano, ikaja bustani nzima ya fedha, na mashina, na majani membamba ambayo hata Akinyi aliyepangusa vumbi pembeni yake kwa majuma matatu hakujua kama yapo. Mzee alilitia kwenye maji, mvuke ukapanda, akalitoa, akalifuta kwa kitambaa, akaliinua juu kwa mikono miwili.

Makofi yakaanzia kwa Harun, au kwa Benard. Mpaka leo wanabishana. Baada ya hapo hakuna aliyebaki kitini.

Bi Noora alikaribia, akalizunguka gudulia lote. "Na udongo huu wa ajabu," aliuliza, "mmeutoa India?"

"Wa India ulipotea," mzee akajibu. "Huu ni wako, bibi. Umetoka Al Rayyan, banda la mbuzi."

Bi Noora akaangalia gudulia, akaangalia bakuli, akaangalia mikono ya Akinyi iliyokuwa myeusi hadi vifundoni. "Bibi yangu alikuwa na mbuzi," alisema polepole. "Sikujua kama walikuwa mafundi." Akacheka, na ukumbi ukacheka naye. Kisha akamgeukia Fiona, akamwambia chumba cha kaskazini kisafishwe, karakana itaanza baada ya mwezi mmoja, Ustadh akishakwenda kuaga nyumbani.

"Utataka wanafunzi wangapi?" akamuuliza mzee.

"Mmoja ninaye," alisema Ustadh Waheed. "Ana daftari, ana mizani, na akikosea anasema amekosea. Wengine mtanitafutia."

Akinyi alifungua kinywa aseme asante. Mzee hakungoja. Alimpa kitambaa chenye mafuta ya nazi, akamkalisha mbele ya gudulia kwenye kigoda chake mwenyewe, na yeye akabaki amesimama. Akinyi akaanza kusugua. Kwa kila mpito wa mkono weusi ulizidi kuwa mzito na fedha ikazidi kung'aa, na watu wakapanga foleni kutoka mezani hadi mlangoni, kila mmoja akiinama kujiona uso wake kati ya maua.